Merikani ya bibi na watoto wangu wa darasa la nane

Huu mwaka wa nne nafundisha historia ya Marekani kwenye shule moja ya kanisa huku Pennsylvania, darasa la sita mpaka la nane, na kabla ya hapo nilifundisha historia sekondari ya kata kule Bagamoyo, kwa hiyo nikilinganisha sio mambo ya kusikia.

Bagamoyo nilikuwa na watoto 70 chumba kimoja. Naandika ubaoni athari za biashara ya utumwa, hoja sita, wanakopi, wanakariri, wanajibu mtihani, imeisha hiyo. Na Caravan Serai, kile kituo cha kale cha misafara ambacho sasa ni makumbusho, ni mwendo wa miguu tu toka shuleni ila sikuwahi kuwapeleka hata mara moja, silabasi ilikuwa inanikimbiza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Huku nina watoto 18, tunaanza na sala, kila mmoja ana Biblia yake mezani. Vitabu sio shida kabisa, shida ya huku ni woga wa wakubwa. Mwaka juzi tulisoma maisha ya Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwa, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe 1845, pale anaposema bwana wake Thomas Auld aliokoka kwenye mkutano wa Wamethodisti 1832 na baada ya kuokoka ndo ukatili ukazidi, anamchapa mwanamke kijana mwenye ulemavu huku anamsomea Luka 12:47, kwamba mtumwa anayejua mapenzi ya bwana wake na asiyatende atapigwa sana. Watoto wakafungua Luka wenyewe bila kuambiwa. Kimya. Kijana mmoja akauliza, ticha, kwa hiyo huyu mtu alikuwa anasali kama sisi? Nikamwambia ndiyo, alikuwa anasali.

Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja akaandika kwamba nawavuruga watoto imani, na ofisini nikaombwa nipunguze makali. Sikupunguza. Nilichofanya nikaendelea na Richard Allen, mhubiri mweusi wa hapa hapa Philadelphia, jinsi watu weusi walivyoinuliwa kwa nguvu na wasimamizi wazungu wakiwa wamepiga magoti kanisani wanaomba, wakatoka zao, na 1794 wakafungua kanisa lao la Bethel. Yule yule kijana ndo akasema mbona hawa nao walisoma Biblia ile ile. Sasa mtu anioneshe imani ya huyu mtoto imepungua wapi, mimi naona ndo kwanza inaota mizizi.

Halafu watoto wakaniuliza, na kwenu je? Nikawaeleza merikani. Bibi yangu kitambaa chochote cha pamba kisichopakwa rangi alikiita merikani na sisi tulidhani ni jina tu, kumbe pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani Massachusetts, meli za Salem zikaileta Unguja, maana Sayyid Said alishawekeana mkataba na Marekani tangu 1833, na zikirudi zinabeba pembe za ndovu zikachongwe Connecticut vile vibao vyeupe vya kubonyeza kwenye piano. Kanisani kwetu shuleni kuna piano la zamani. Tukatoka darasa zima kwenda kulitazama, hakuna aliyeligusa, binti mmoja akauliza ni nani alizibeba hizo pembe mpaka baharini. Nikamwambia wapagazi, wengi Wanyamwezi wa kulipwa, na watumwa pia, kwa miguu toka Tabora na mbele ya Tabora, na safari inaishia Bagamoyo, mji niliofundisha mimi.

Yaani imebidi nivuke bahari ndo niifundishe Bagamoyo inavyostahili. Walimu wenzangu mlioko pale, hasa wewe mdogo wangu uliyechukua vipindi vyangu, wapelekeni hao watoto Caravan Serai hata Jumamosi moja, hoja sita zitawasubiri ubaoni. Kama kikwazo ni kiingilio na hela ya maji niandikieni inbox, natuma.