Bwana Mmoja wa Ulaya

Ijumaa usiku binamu yangu aliyeko Uingereza alinitumia picha ya hereni. Anaujua udhaifu wangu: dhahabu ya kisasa hainishtui, lakini nionyeshe pambo ambalo aliyelivaa alishakuwa udongo miaka 1,800 iliyopita, usingizi unaniruka. Hereni zenyewe ni za Kirumi, karne ya 2 au ya 3. Juu kuna kibati cha duara, chini yake kijiti cha dhahabu kimelala kama mkono wa mizani, na kwenye ncha zake zinaning'inia lulu mbili zilizoliwa na ardhi mpaka zimebaki kama punje za mchele uliovunda. Wanawake wa Kirumi walikuwa na jina la hereni za lulu zinazogongana: crotalia, kwa sababu mtu akigeuza shingo zinalia, na wenyewe walikuwa wakiupenda ule mlio. Kwa yeyote aliyekaa karibu na mwanamke wa Pwani na bangili zake, hapo sina la kueleza.

"Nikununulie?" kaandika, akamalizia na kikatuni cha kucheka. Bei ya kuanzia, pauni 800.

Nikacheka naye huku nashuka chini kusoma maelezo ya mnada. Uzito upo. Vipimo vipo, hadi milimita. Hali: nyufa ndogo, kulabu moja imerekebishwa. Halafu historia ya umiliki: mali ya bwana mmoja wa Ulaya, aliyezipata katika soko la sanaa la London kabla ya mwaka 1970. Nukta.

Bwana mmoja wa Ulaya! Ulaya ina watu zaidi ya milioni 700. Ondoa mabibi, ondoa watoto, bado hapo una mabwana wa kutosha kujaza Uwanja wa Mkapa mara elfu kadhaa.

Ngoja niwaambie kwa nini sentensi ile ilinichoma, maana wengine mtasema nina muda wa kuchezea. Mwaka juzi ada ya mdogo wangu ilitukwamisha. Mama akafungua kabati, akatoa bangili ya marehemu bibi, gramu 14, nikaifunga kwenye leso nikaipeleka kwa sonara Kariakoo. Sonara akaisugua kwenye jiwe, akadondoshea dawa, akaitupia kwenye mzani, kisha akaniangalia juu ya miwani. "Risiti iko wapi?" Risiti! Ya bangili iliyofuliwa Pangani na fundi ambaye hata wajukuu zake sasa ni wazee. Basi, akasema, lete kitambulisho, lete barua ya serikali ya mtaa, na uje na mtu mzima wa kwenu.

Kesho yake nikarudi na barua yenye muhuri, kitambulisho, na shangazi. Shangazi akakalia kigoda cha dukani na kumwaga yote: nani aliitoa, kwenye harusi ya nani, mwaka gani wa njaa iliwekwa rehani, nani aliikomboa, na ni nani aliyewahi kuiazima akakaa nayo miezi 6 bila haya. Huyo wa mwisho alitajwa kwa jina lake na la baba yake. Wateja wawili waliacha shughuli zao wakasikiliza. Sonara akakata gramu za taka, akalipa.

Siku ile nilimwona mnyanyasaji. Leo namtakia maisha marefu. Kwa gramu 14 tu yule mtu alitaka kujua mali imetoka wapi, imepitia kwa nani, na nani atasimama aitikie kwa jina lake mambo yakiharibika. Jumba la mnada lenye sakafu ya marumaru na wataalamu wenye shahada tatu tatu limeridhika na "bwana mmoja".

Na hapa watu wa biashara ile wanajua wanachouza. Hereni zile ukizitupa kwenye mzani wa Kariakoo hazifiki gramu 6. Kinachozidi pale ni simulizi, na simulizi ikiwa ya wakubwa bei inapaa. Mwaka 2019, jumba la mnada la Christie's, New York, liliuza kito cheusi cha kalsedoni, kama sentimita 3 tu, kimechongwa uso wa Antinous, yule kijana mpenzi wa Kaisari Hadrian aliyezama katika mto Nile mwaka 130. Kimevunjika chini, sehemu iliyokosekana ikajaziliwa dhahabu. Kilikwenda kwa dola 2,115,000, na leo kiko kwenye makumbusho ya Getty. Someni nasaba yake: Zanetti wa Venice, karne ya 18; kisha Mtwana wa nne wa Marlborough, maana hawa nao wana vyeo vya kuhesabiwa; kisha mkusanyiko mzima wa Marlborough ukauzwa mwaka 1875 kwa David Bromilow kwa gini 35,000 (fedha ya zamani ya Waingereza); mwaka 1899 ukapigwa mnada ukatawanyika; baadaye kito kikaangukia kwa Giorgio Sangiorgi, dalali wa Roma. Inasomwa kama nasaba ya masharifu. (Mtwana nimeliandika makusudi. Nalijua neno sahihi: Duke.)

Lakini hebu hesabuni. Kutoka Hadrian mpaka Zanetti ni miaka kama 1,600. Kimya. Ni shamba gani, kaburi gani, mkulima gani aliyeinama akaokota, alilipwa nini, hakuna. Nasaba inaanza pale kito kilipofika mkononi mwa tajiri wa kwanza anayejulikana. Aliyekivaa hayumo na aliyekifukua hayumo. Wanaita historia ya umiliki, na kwa kweli ni orodha ya wanunuzi.

Nasikia mtu anasema: mbona unazungumzia kito kilichoanza kuuzwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa? Kweli, na kwa kito kile nitanyamaza. Ila hereni za bwana mmoja ni habari nyingine, kwa sababu ya ule mwaka. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Nchi zenye masoko hazikuukimbilia: Marekani iliingia 1983, Uingereza 2002, Uswisi 2003. Madalali, lakini, waliukamata ule mwaka wakaufanya hirizi. Andika "kabla ya 1970" na mlango unafunguka. Na kuandika hakuna gharama. Mwaka 1990 jumba jingine la mnada, Sotheby's, lilijiandaa kuuza hazina ya fedha ya Sevso, sahani na majagi ya Kirumi, ikiwa na vibali vya kuitoa Lebanon. Vibali vikagundulika ni vya kughushi, mnada ukafa, nchi zikagombana mahakamani. Hungary ikaishia kutoa euro milioni 15 mwaka 2014 na milioni 28 mwaka 2017 ili kupata kitu ambacho inaamini kilifukuliwa kwake. Ulizeni sonara wangu kama ingemfika hiyo.

Tena hata risiti ikiwa halali, bado. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa wakati ule, anasimulia kuwa alimwona Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaisari Caligula, kwenye karamu ya uchumba, wala haikuwa karamu kubwa. Amejifunika zumaridi na lulu kichwani, nyweleni, masikioni, shingoni, vidoleni, vyote vya sesterti milioni 40 (sesterti ni sarafu yao). Askari wa jeshi lao wakati ule alikuwa akipata sesterti 900 kwa mwaka, kwa hiyo mwanamke amekaa mezani amevaa mishahara ya mwaka ya askari zaidi ya 44,000. Na Pliny anasema Lollia alikuwa tayari, papo hapo, kutoa hati za kuthibitisha kuwa ni vyake. Hati zilikuwepo! Kisha Pliny anachoma: haikuwa zawadi ya Kaisari, ilikuwa urithi wa babu, Marcus Lollius, aliyejitajirisha kwa hongo za wafalme wa Mashariki mpaka akafedheheka na kunywa sumu, ili mjukuu wake aje kumetameta kwenye mwanga wa taa. Mwaka 49 naye akasingiziwa mambo ya uchawi, akanyang'anywa mali, akalazimishwa kujiua. Vile vito vikaenda zake kwa wengine. Sishangai kesho nikikuta kimoja mtandaoni, mali ya bibi mmoja wa Roma.

Haya, nikubali yanayonikera kuyakubali. Karatasi hupotea. Wazee hufa, warithi hufagia madroo, na si kila asiyetajwa jina ni mwizi. Bibi yangu mwenyewe hakuwa na risiti, nimeshasema. Na wale mnaosema "vyote vipelekwe makumbusho vitakuwa salama", someni ya British Museum, makumbusho makubwa ya London. Agosti 2023 walitangaza wizi, na ikaja kujulikana kuwa vitu kama 2,000 vimeibwa, havionekani au vimeharibiwa, vingi vikiwa vito vidogo na vipande vya dhahabu ambavyo havikuwahi kuorodheshwa sawasawa. Kipande cha oniksi cha Kirumi kiliwekwa eBay mwaka 2016 kwa pauni 40, wakati mjuzi mmoja alikikadiria kati ya pauni 25,000 na 50,000. Na aliyewashtua tangu 2021 ni nani? Dalali! Ittai Gradel wa Denmark, muuza vitu vya kale, alinunua, akashuku, akaandika, akajibiwa kwamba kila kitu kipo. Mkurugenzi alikuja kujiuzulu. Kwa hiyo ndiyo, kuna dalali mwenye macho kuliko makumbusho. Nimekubali. Tuendelee.

Ninachokililia mimi ni kingine, na nitakitolea mfano mmoja. Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na kile kifaa cha kutafutia chuma. Lawes akakuta fedha na dhahabu. Angeweza kujaza gunia, na mwanzoni alitoa kiasi. Kisha akaacha kuchimba, akatoa taarifa, wanaakiolojia wakaja wakaondoa udongo kwa mabonge. Kwa sababu mkono ulisimama, tunajua kulikuwa na kasha la mwaloni, makasha madogo ndani yake, makufuli madogo ya fedha, vitu vimepangwa na kufungashwa kama mtu anayefunga mizigo akijua atarudi. Sarafu zilizidi 14,000 na zinaonyesha ilizikwa baada ya mwaka 407, Warumi wakiwa wanaondoka Uingereza.

Mapambo ya dhahabu yalikuwa 29. Upo mkufu wa mwilini, minyororo minne inayopita mabegani na chini ya kwapa na kukutana kifuani. Kwenye kibati cha mbele kuna amethisto katikati, na vitundu vinne vitupu, huenda vilikuwa vya lulu zilizooza. Ni mdogo, wa msichana au mwanamke mwembamba sana. Na iko bangili yenye maandishi yaliyotobolewa kwenye dhahabu: itumie kwa heri, Bibi Juliana. Juliana! Jina la mwenye mali. Hazina ilithaminiwa pauni milioni 1.75, Lawes akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na iko British Museum. Hiyo, nadhani, haijaibwa.

Tofauti ya bangili ya Juliana na hereni za bwana mmoja haimo kwenye ufundi. Hereni zile nazo zilikuwa na kaburi au kasha au chungu. Kulikuwa na mifupa ya aliyezivaa, labda ya mama, labda ya binti wa miaka 12. Mtu alifukua usiku, akapangusa udongo kwa mate, akatupa mifupa, akabeba gramu 5. Yote tuliyoweza kujua yalibaki kwenye shimo. Hata bwana akijitokeza kesho na risiti ya London, shimo halirudi.

Na kabla hamjasema haya ni ya Wazungu: miaka ya 1990 Profesa Felix Chami alichimba Rufiji, Mkukutu, akapata shanga za kioo za Kirumi. Shanga tu! Mnadani hazinunui hata chakula cha mchana cha dalali. Lakini zilitoka kwenye tabaka lake, udongo umesomwa, na zikasimama pamoja na kile kitabu cha Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, kinachotaja bandari ya Rhapta na vioo vilivyoletwa pwani hii kubadilishwa na pembe za ndovu. Shanga hizo hizo zikiokotwa na mtu akazitunga uzi na kuziuza, zingekuwa mkufu wa bei rahisi, na Rufiji isingetajwa popote.

Jumatatu niliwaandikia watu wa mnada. Niliuliza mambo mawili: bwana huyo anaitwa nani, na yeye alielezwa zimetoka wapi. Jibu lilikuja Jumatano, lenye adabu mno: faragha ya mteja, na wamezikagua kwenye orodha ya vitu vilivyoibwa, hazimo. Bila shaka hazimo. Kitu kilichotolewa ardhini usiku nani alikiorodhesha?

Nikamsomea shangazi barua ile, natafsiri sentensi kwa sentensi, yeye anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo bwana," akasema, "hana hata baba?"

Hereni ziliuzwa Alhamisi. Pauni 2,600.