Land Rover 109 au Mkonga? Kwa pwani yetu, tuulize chumvi

Ukitaka ubishi usioisha hapa Mtwara, sema tu kwamba Land Rover 109, ile ndefu ya zamani ya Series II na III, ni bora kuliko Land Cruiser Mkonga. Vijana watakucheka. Mimi nasema hivyo hivyo, kwa sababu moja ambayo wabishi wengi hawaitaji: chumvi.

Kwa injini sina ubishi. Mkonga ni wa familia ya Land Cruiser 70, iliyotoka Japani mwaka 1984, na mwaka 1990 ikaja injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Land Rover za Series II na III nyingi zilikuwa na petroli ya silinda nne, lita 2.25, iliyohema kweli kweli kupandisha uwanda wa Makonde na magunia ya korosho, abiria wamekaa juu yake. Shafti za nyuma zilikatika. Kwenye Series II, ukirudisha gia ya pili au ya kwanza bila kukanyaga klachi mara mbili, kijiji kizima kinajua dereva ni mwanafunzi.

Tope la Ndundu hadi Somanga, kwenye barabara ya Dar es Salaam kuja huku kusini, enzi za kabla ya lami, wote wawili walilipita, na wote wawili walilala humo.

Lakini injini hubadilishwa. Kinachoua gari Mikindani au Msanga Mkuu ni upepo wa bahari. Bodi ya Mkonga ni chuma. Kutu inaanzia chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa paa, kwenye kingo za milango. Rangi inavimba, ukibonyeza kidole kinatokea upande wa pili. Fundi bodi anachomelea kiraka, anapiga puti, analipwa, na masika ikipita unarudi kwake.

Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, huku aluminiamu ikipatikana. Rover wakatengeneza bodi kwa aloi ya aluminiamu. Hawakuwa wakitufikiria sisi, lakini sisi ndio tuliofaidi. Na bodi yenyewe imefungwa kwa bolti, kipande kwa kipande: madigadi ikipondeka unaifungua, unaigonga, unairudisha.

Sijasema haiozi kabisa. Chesisi yake ni chuma, nayo huliwa kutokea ndani. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayogeuka unga mweupe. Ila chesisi ile ni boksi la bati nene. Mchomeleaji anayejua kazi anaiponya, hata chini ya mkorosho.

Ningekuwa natafuta gari la biashara ya kwenda Kitaya kila siku, ningenunua Mkonga, tena bila kuomba ushauri. Kinachoniudhi ni kuona 109 za wazee zikikatwa na kuuzwa kwa kilo, bodi ikayeyushwe iwe sufuria. Kama kuna moja nyuma ya nyumba ya babu yako, kabla hujamwita mtu wa vyuma chakavu ingia chini na nyundo, ugonge chesisi kuanzia nyuma, kwenye vishikio vya springi. Nyundo isipozama, usikubali bei ya kilo.