Gololi Mfukoni

Kwanza mjue kwamba nilikuwa na kazi moja tu. Rigi nzima, yaani mtambo wa kuchimba visima vya mafuta, ina watu wa pampu, wa tope la kuchimbia, wa kreni, wa saruji; mimi, mwanagenzi wa mwezi wa pili, niliambiwa: "Kijana, shika hii gololi. Ukiambiwa, iangushe ndani ya bomba." Basi. Gololi ya shaba, kipenyo sentimita 4, nzito kama deni. Nikaitia kwenye mfuko wa ovaroli na kufunga zipu ili isipotee. Na kweli, haikupotea.

Kisima chetu kilikuwa kwenye mwamba laini, ule unaotapika mchanga pamoja na mafuta, na mchanga ukipita kwenye vali kwa kasi hula chuma kama msasa. Kwa hiyo chini huwekwa vichujio. Juu ya mwamba huo kulikuwa na tabaka la maji, na dawa ya hilo ni saruji nyuma ya bomba. Mara nyingi hizo ni shughuli mbili: unapiga saruji, unasubiri igande, ndipo unashusha vichujio. Wakubwa wakaamua wazifunge kwenye safari moja, maana kodi ya rigi hailali. Vichujio chini, pakeri (kizibo cha kuvimba kinachozunguka bomba) katikati, na juu ya pakeri kola, kipande cha bomba chenye vitundu vilivyofungwa. Gololi ikikaa kwenye kiti chake, njia ya kwenda chini inazibika. Shinikizo likipanda, pakeri inavimba na kubana ukuta wa kisima. Likizidi, vitundu vinafunguka na saruji inatokea pembeni kupanda juu. Bila gololi, saruji yote inateremkia vichujioni, na kichujio kilichojaa saruji ni nguzo tu. Nguzo ghali, imezikwa mita 2,400, wala haishikilii paa.

Asubuhi ile nimesimama karibu na mdomo wa bomba, gololi mfukoni, kikombe cha chai mkononi. Chai tamu. (Utamu wake tutaurudia.) Pampu ikanguruma ghafla, nikashtuka, kikombe kikaniponyoka, pwaa! kwenye sakafu ya chuma. Hapohapo redio ikakoroma:

"Umeangusha?"

Nikageuka huku na huku. Wameniona kutoka wapi hawa?

"Nimeangusha, mkuu. Samahani sana."

"Samahani ya nini? Safi kabisa!"

Nikasema moyoni, wakubwa wa hapa wana roho nzuri. Nikaendelea kusubiri amri ya gololi.

Kule kwenye pampu wakaanza kuhesabu dakika 40 za gololi kuzama. Fundi mkuu wa saruji, mtu asiyependa kukaa bure, akaona heri aanze kuchanganya mapema: mita za ujazo 8 kwenye tangi. Saruji ikishalowa haina subira. Maabara ilikuwa imetupa saa 4 kabla haijawa nzito kusukumika.

Dakika 40 zikaisha. Sindano ya shinikizo imelala. Dakika 60, imelala. Dakika 90, imelala fofofo.

Nikasogea kusikiliza. Mmoja anasema kiti kimevunjika. Mwingine anasema gololi imekwama pale kisima kinapopinda, na mchoro anachora. Mimi, nikijua kabisa yangu ninayo, nikahitimisha kwamba kumbe gololi zilikuwa mbili, wakubwa wameangusha ya kwao na hii ni ya akiba. Hata hoja nikachangia: "Huenda tope ni zito." Wakatikisa vichwa, wazo si baya.

Msimamizi akachoka. "Tuchukulie vitundu vimefunguka. Sukuma saruji!"

Mkono wa fundi ukaenda kwenye vali. Nami, kwa moyo wa kusaidia, nikafungua zipu.

"Mkuu, kama ile imekwama, si tuangushe na hii?"

Pampu ilikuwa inanguruma, lakini naapa nilisikia kimya.

Wakapiga hesabu upya: muda wa gololi kuzama, muda wa kusukuma, akiba ya usalama. Hautoshi. Saruji imwagwe, tena haraka, isigandie tangini. "Leteni sukari!"

Sukari kidogo ni adui mkubwa wa saruji: huzingira chembe zake zisishikane na maji, ikabaki uji. Ndiyo maana tulikuwa na gunia la kilo 50 stoo, limeandikwa kwa rangi nyekundu SI YA CHAI. Gunia hilo likaletwa na mtu mmoja, kwapani, akipiga mluzi. Ndani mlikuwa na kama kilo 4, na kijiko changu.

Macho yote yakahama kutoka kwenye gololi hadi kwenye dimbwi la chai sakafuni, yakarudi kwangu.

Walimwaga walichoweza. Kilichobaki kwenye pembe za tangi nilikabidhiwa mimi, pamoja na nyundo na patasi, siku 2. Lita moja ya saruji ya visima ina karibu kilo 1.9, mgongo wangu umethibitisha, ndoo kwa ndoo.

Siku ya tatu tulirudia. Nikasimama palepale, mikono mitupu, bila kikombe. Redio ikakoroma:

"Ile gololi ya shaba, ya sentimita 4, iliyokuwa mfukoni mwako, sasa hivi iko ndani ya bomba?"

"Iko ndani, mkuu."

"Geuza mifuko."

Nikaigeuza, yote minne.