Kinamasi cha Merauke si ardhi tupu

Zile punje nyeupe tunazochemsha kwa maziwa, sukari na iliki mpaka ziwe kama lulu, wengi tunaziita sago. Soma pakiti vizuri: mara nyingi ni wanga wa muhogo. Sago yenyewe hutoka kwenye shina la mti wa jamii ya mnazi, na jina hilo ni la Kimalei, sagu. Sina ugomvi na muhogo. Kinachoniuma ni jinsi wanavyotendewa watu wa huko sago ilikotoka, wakiwemo Wamarind wa Merauke, kusini mwa Papua, upande wa Indonesia wa kisiwa cha New Guinea.

Asili ya msago ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na kisiwa cha New Guinea. Huota kwenye vinamasi, ukajiwekea wanga shinani kwa miaka kumi, hata 15, kisha huchanua mara moja tu na kufa. Kwa hiyo wajuzi huuangusha kabla haujachanua, maana maua na matunda yakitoka, wanga nao umekwisha. Shina hupasuliwa, moyo wake ukapondwapondwa, ukamwagiwa maji na kukamuliwa kama tunavyokamua tui la nazi. Maji meupe huachwa yatulie mpaka wanga utuame. Shina moja zuri hutoa kilo 150 hadi 300. Makuti yake huezekea nyumba, na machipukizi kandoni mwa kisiki hukua yenyewe.

Wanga huo ukikorogwa na maji ya moto hugeuka papeda, uji mzito unaonata na kung'aa kama gundi. Husokotwa kwa vijiti viwili, ukatiwa kwenye mchuzi wa samaki wenye manjano, ukamezwa bila kutafunwa.

Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyezunguka visiwa hivyo kati ya 1854 na 1862, alikadiria kuwa kazi ya siku kumi humpatia mtu chakula cha mwaka mzima. Akaona urahisi huo unazaa uvivu. Mimi naona maarifa: kujua mti upi umeiva, kuuangusha kwa wakati wake, na kubakiwa na siku za kuvua, kuwinda na kulea watoto. Uvivu uko wapi hapo?

Dharau hiyo haijaisha. Serikali ya Indonesia imesambaza mchele wa ruzuku mpaka vijiji vya Papua, na wali ukawa ndio chakula cha mtu aliyeendelea. Mwaka 2010 ikazindua mradi mkubwa wa mashamba Merauke, kwenye ardhi ya Wamarind, kwa jina la kulilisha taifa. Wamarind hao koo zao huhesabu mimea na wanyama kuwa ndugu, msago ukiwemo. Hawakuwa na njaa ya kutibiwa kwa tingatinga; walikuwa na ghala lililosimama majini, lisilodai mbolea wala mbegu za kununua.

Kama nia ni chakula kweli, serikali iwaachie vinamasi vyao, na palipo na mgao wa mchele iwepo sago pia, inunuliwe kwao kwa bei ya haki.