Usimtoroke Mtoto

Juzi kwenye mkutano wa wazazi, huku kwetu Kaloleni, mzee mmoja alisimama akasema watoto wa akina mama waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia hawana cha kulilia: kwao mabati yanang'aa na karo inalipwa mapema. Akapigiwa makofi. Mimi mikono ilikataa.

Pesa zinasaidia, sikatai. Bila hizo wengine wasingekanyaga darasani, na mama anayekwenda kulea watoto wa wenyewe kwa mkataba wa miaka 2 hakupenda. Kina baba wanaopotelea Mombasa na Nairobi hatuwasemi, tumewazoea.

Linaloniuma ni kule kuondoka. Nyumba nyingi nizijuazo, mama hutoka alfajiri mtoto akiwa usingizini. Akiamka anaambiwa, "Mama ameenda sokoni, atakuletea mkate." Mtoto anangoja. Jioni anangoja, Jumamosi anangoja, gari likisimama barabarani anakimbilia. Mwisho haulizi tena, nasi wakubwa twafurahi kwamba amezoea. Amezoea nini? Ameshika kwamba ampendaye aweza kutoweka bila neno, na kwamba nyanya yake humdanganya. Darasani nawaona: huyu ameanza tena kukojoa kitandani na wenzake wanamcheka, yule haongei na mtu, mwingine anapigana kwa kuguswa tu kalamu.

Kabla ya safari mama hupitia mafunzo: mashine ya kufulia, kupiga pasi, Kiarabu cha jikoni. Basi aongezewe nusu siku ya namna ya kumuaga mwanawe. Amketishe, amwambie anakwenda wapi, kufanya nini, nani atabaki naye, na atakuwa akipiga simu lini. Atalia, ndiyo. Heri alie mama angalipo wa kumpakata.

Halafu simu. Riyadh na Kaloleni saa ni ile ile, lakini kazi za mama huisha usiku wa manane, na wengine simu hushikwa na mwajiri. Akipata dakika 10, zote huishia kwenye karo, mafundi na mbuzi mgonjwa. Nyanya, mpe mtoto simu kwanza. Akiwa amelala, mama arekodi sauti kwenye WhatsApp aisikilize kabla ya kwenda shule. Na asianze kwa kumuuliza amekuwa namba ngapi. Amuulize leo alicheza na nani.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi. Kwa mama aliye mbali, malezi hayo ni sauti yake.

Wewe mwenye tiketi ya wiki ijayo, mwambie mwanao leo.