Kofia Iliyonifumba Macho

Kofia yangu ya kupandia farasi ilikuwa na harufu. Sisemi ilinuka. Tumeishi pamoja miaka 13, na heshima lazima iwepo. Ilikuwa ya mahameli nyeusi, ingawa pale utosini weusi ulishahama zamani ikabaki rangi ya panya. Ndani, bitana lilikuwa limelala chapa, kwa hiyo nilisokomeza soksi upande wa kisogoni ili isicheze. Soksi nayo ilikuwa na historia yake.

Siku moja Radi aliinusa akapiga chafya mbili. Radi ni farasi ninayempanda, na jina hilo alipewa na mtu aliyekuwa na matumaini makubwa mno. Mnyama anayelala juu ya mavi yake mwenyewe ananipigia chafya mimi! Nikasema basi, leo naifua.

Maelezo ya ndani yalikuwa yamefutika, nikatumia akili yangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Nilijaza ndoo maji ya moto, nikamwaga sabuni ya unga, nikaizamisha. Ikaelea. Nikaizamisha tena, ikaibuka kama kiboko. Nikaiwekea tofali juu. Baada ya saa moja maji yalikuwa meusi ti, nikafurahi kwa uchafu wote ule uliotoka. Kumbe ilikuwa rangi. Kisha nikaianika ndani ya gari, kwenye dashibodi, vioo vimefungwa, jua la saa saba mchana. Jioni niliikuta imekauka kau, inanukia sabuni. Nilijisifu hadi usiku.

Kesho yake nikapanda. Mwendo wa kawaida, salama. Mwalimu akapaza sauti, "Haya, mchakamchaka!" Mruko wa kwanza, nikahisi kitu kinasogea kichwani. Mruko wa tatu, mahameli yote, pamoja na ukingo wake wa mbele, ikaachana na gamba gumu la chini yake ikanishukia hadi puani. Joto lilikuwa limeimaliza gundi. Gamba limebaki kichwani, mimi niko gizani, na jasho limeamsha sabuni iliyobaki, sasa povu linaingia machoni.

Nikavuta hatamu kwa mkono mmoja. Radi, ambaye kwa miaka yote hajawahi kunisikiliza, siku hiyo alitii papo hapo. Alisimama. Mimi niliendelea. Nilipita shingoni mwake taratibu, nikamshika sikio kama mtu anayeaga, nikaketi juu ya lundo la samadi kando ya uzio.

Mwalimu alikuja mbio. "Umepiga kichwa?"

"Hapana. Kilichotangulia si kichwa."

Alinitazama machoni, akahakikisha nina fahamu zangu, ndipo akajiruhusu kucheka. Nilikuwa na michirizi myeusi kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, punda milia mtupu. Kisha akaichukua kofia, akatoa soksi kwa vidole viwili, akafunua bitana, na kicheko kikakatika.

Chini ya gamba kuna povu gumu, ndugu wa lile linalofungashiwa televisheni mpya. Kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke, na likishapondeka haliumuki tena. La kwangu lilikuwa na bonde la kutosha kidole gumba, na ufa uliotambaa kutoka hapo.

"Hii imewahi kuanguka?"

"Peke yake, au pamoja na mimi?"

Akaninyamazia. Nikakiri: mara mbili kutoka juu ya kabati, mara moja kutoka juu ya gari likiwa linakwenda, na miaka miwili iliyopita nikiwa ndani yake.

"Baada ya hiyo ya mwisho ulifanya nini?"

"Niliipangusa vumbi."

Alibandua bitana lote, akakuta kijikaratasi kilichosalimika: imetengenezwa 2009. Wakati watengenezaji wengi husema ibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi, na mara moja ikishapigwa na kichwa kikiwamo, hata kama nje haina mkwaruzo. Nikajitetea kwamba mahameli ina hadhi yake, mbona wale wa mashindano ya madaha, farasi anapotembezwa kwa hatua za mapozi, huvaa kofia ndefu za harusini. "Walivaa," akasema. Tangu 1 Januari 2021 shirikisho la kimataifa la farasi, FEI, limewavisha kofia ngumu hata wao.

"Basi nitampa mdogo wangu, anataka kujifunza."

"Mna ugomvi?" Akachukua mkasi, akakata mkanda wa kidevu mbele ya macho yangu, asije mtu akaiokota akaivaa.

Nilipokwenda kununua mpya, walinizungushia utepe juu kidogo ya nyusi: sentimita 59. Ile ya zamani ilikuwa 61. Tofauti ilikuwa soksi. Wakanivalisha, wakaniambia nitikise kichwa kabla ya kufunga mkanda. Kofia ikihama, ngozi ya paji ihame nayo. Wakanionyesha na alama za ubora ndani, PAS 015 na ASTM F1163, nikazitazama kwa uso wa mtu anayejua.

Siku hizi naipangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bitana nalivua na kulifua kwa mkono, na vyote hukaukia kivulini. Kwenye gari haibaki hata dakika tano. Ya zamani imetundikwa bandani, imebeba brashi za Radi. Kila akipita hapo, anapiga chafya mbili.