Punguza Pauni, Bega Halina Spea

Juzi uwanjani nimemsikia jamaa akimwambia binti ambaye ndiyo kwanza anajifunza kulenga shabaha: "Upinde wa pauni 20 ni wa kuchezea watoto. Shika huu wa 40, bega litazoea."

Litazoea! (Pauni hapa si uzito wa upinde wenyewe, ni nguvu inayotakiwa kuuvuta.)

Binti akatii, maana aliyesema ana mvi na medali. Akaelekeza upinde mawinguni, kiuno kikapinda, bega la mkono ulioshika upinde likapanda karibu na sikio, ndipo uzi ukafika kidevuni huku mshale ukitetemeka. Jamaa akapiga makofi. Mimi nilitamani kumpiga yeye (kwa maneno, jamani).

Balaa lote liko kwenye bega lile lililopanda. Kano inayosaidia kuinua mkono hupita kwenye upenyo mwembamba chini ya ncha ya mfupa wa bega. Bega likitulia chini, mgongo ndio unaobeba mzigo. Uzito ukiushinda mgongo, bega hupanda, upenyo hubana, na kano husagwa kila unapovuta. Na huvuti mara moja. Raundi ya kupanga nafasi kwenye Olimpiki ni mishale 72. Kwa upinde wa pauni 45, hiyo ni karibu tani moja na nusu kwa siku, kabla hujahesabu ya kupasha. Mwenye mgongo wa kuibeba na aibebe. Wewe unayeshinda umejikunja mbele ya kompyuta, haraka ya nini?

Tena namba iliyoandikwa kwenye upinde usiiamini sana. Imepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mwenye mikono mirefu anayefika 30 anavuta pauni kama nne zaidi, na hajui.

Dawa ni bolti mbili. Pinde nyingi za mashindano zinazofunguka vipande zina bolti juu na chini. Chukua alenki, legeza zote mbili kwa mizunguko sawasawa, usivuke kikomo alichoweka mtengenezaji, na upinde wa 40 utashuka hadi kama 36. Kisha vuta, shikilia sekunde kumi na tano. Bega limebaki chini? Hapo ndipo pako. Limepanda? Azima mikono ya upinde (vile vipande viwili vinavyopinda) iliyo myepesi zaidi kuvuta, na usimwonee mtu haya.

Najua atatokea wa kunitajia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na pinde zao ngumu. Ahsante kwa kunisaidia: mtoto wa Kihadzabe huanza na kipinde kidogo, na pinde hukua pamoja naye. Hakuna anayemkabidhi cha baba yake siku ya kwanza.

Wenye pinde za kapi, zile zenye magurudumu kwenye ncha, nanyi msijifiche. Ni kweli mzigo hupungua mwisho wa mvuto, ila kile kilele bega limeshakipitia.

Haya, nakubali shingo upande: upinde wa pauni nyingi hurusha mshale kwa njia iliyonyooka zaidi, na kwenye mita 70 penye upepo utaona tofauti. Utaiona vizuri ukiwa na bega zima.

Ukishalegeza, mishale itaangukia chini, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia huenda ikakimbilia kushoto, kwa kuwa sasa ni migumu kupinda kuliko upinde unavyotaka. Usirudishe pauni kwa hasira. Shusha saiti (kilengeo cha kwenye upinde), tafuta mishale laini zaidi, endelea kupiga.